Wakiwaita dhehebu, warudisheni kwenye vipimo

Wanangu mnaopigania mazingira,

Nafuatilia midahalo yenu, na naona mnavyopandwa na jazba kila mkiitwa dhehebu, waumini wa tabianchi, manabii wa maangamizi. Kejeli hizo zimewatangulia. Mwaka 2003 mwandishi wa riwaya Michael Crichton alihutubu San Francisco akidai kwamba utetezi wa mazingira ni dini ya watu wa mijini wasioamini Mungu: una Edeni yake, una anguko lake la uchafuzi, na una siku yake ya hukumu. Greta Thunberg naye, mwanaharakati wa tabianchi kutoka Uswidi, tangu mgomo wake wa shule wa 2018, amedhihakiwa kwa kuitwa mtakatifu.

Ujanja wenyewe uko hapa: ukishaitwa muumini, hakuna anayelazimika kukujibu. Hoja yako inawekwa kando, unabaki kujadiliwa wewe. Nanyi mkirudisha matusi, mnamalizia kazi aliyoianza mpinzani wenu.

Jina msiligombanie. Hewa ya Mauna Loa, kule Hawaii, inapimwa tangu 1958. Wakati ule kabonidayoksaidi, gesi inayoongeza joto duniani, ilikuwa kama sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Siku hizi imepita 420. Namba hiyo akiikagua mcha Mungu au asiyeamini chochote, ni ileile. Anzieni hapo, kisha muulizeni anayewakejeli, kwa upole: ni ushahidi gani ungekufanya ubadili mawazo? Naye akiwageuzia swali hilo, muwe na jibu.

Sasa niwaseme kidogo, maana mengine mnajitakia. Mabango ya "Naamini sayansi" ni ya nini, kama mnakataa kuitwa waumini? Na mtu akipanda ndege tu, mnamshukia kama mzinzi, mpaka atubu hadharani! Kuna hata kejeli yenye mashiko. Wapo wanaofananisha biashara ya hati za kaboni, ambapo mchafuzi hulipia wengine wapunguze hewa chafu kwa niaba yake, na vyeti vya rehema, vya kusamehewa adhabu ya dhambi, ambavyo Kanisa liliviuza na mtawa Martin Luther akavipinga mwaka 1517: mwenye fedha analipa, moshi wake unaendelea kufuka. Hapo wasikilizeni, tena wakubalieni waziwazi pale hati inapokuwa karatasi tu.

Halafu msijitetee kwa kuidharau dini. Mwaka 2015 Papa Fransisko alitoa waraka mzima kuhusu kuitunza dunia, na mwaka huohuo viongozi na wanazuoni wa Kiislamu walitoa tamko lao la tabianchi Istanbul. Mkisema "sisi si kama watu wa dini, sisi tunatumia akili", mmewatukana wenzenu mlio nao kwenye maandamano yaleyale. (Nashangaa pia kumsikia mtu anayesali kila wiki akilifanya neno "dini" kuwa tusi, lakini hilo ni lake.)

Kabla ya mdahalo ujao, kubalianeni nani atazishika takwimu na nani atajibu maswali. Yule mwenzenu mwenye hasira za karibu, mnamjua, msimpe kipaza sauti.

Ni mimi, mzee wenu.