Mwanangu usisome kimya kimya

Mwanangu hujambo? Huku sote wazima, bibi anakusalimia anauliza kama unakula vizuri. Niko zamu ya usiku, wodi imetulia kidogo nikasema ngoja nikuandikie, maana juzi kwenye simu ulivyosema unajifungia chumbani usome peke yako ili wenzio wasijue hujaelewa, roho iliniuma sana.

Siku hizi nasoma habari za yeshiva ya Volozhin, chuo cha dini cha Wayahudi, Volozhin yenyewe kamji kadogo tu enzi hizo chini ya Urusi, sasa ni Belarusi. Rabi Chaim alikianzisha 1803. Zamani vijana wa dini walikuwa wanakula kwa zamu kwenye nyumba za watu, leo kwa huyu kesho kwa yule, ukikosa nyumba ndo unalala njaa, yeye akakataa, akatuma watu wakachangishe hela mpaka mbali huko, wanafunzi wakapata posho wakapanga vyumba mjini. Kwa hilo tu namheshimu.

Sasa sikia walivyosoma. Wengine wanakaa wawili wawili, yule mwenzio wa kusoma naye ndo havruta wako, mnasoma Talmudi, kitabu chao cha kale cha sheria na mijadala, kwa sauti mnabishana mpaka meza zinapigwa, ukumbi mzima kelele na hakuna anayeona aibu kuuliza. Hata usiku walipeana zamu ukumbi usinyamaze, kama sisi wodini. Na ukurasa wenyewe wa Talmudi ni mabishano matupu, katikati maandishi ya kale, upande wa ndani maelezo ya rabi Rashi aliyefariki 1105, upande wa nje Tosafoti, yaani maelezo ya marabi waliokuja baada yake, mara nyingi wanampinga Rashi, na baadhi yao ni wajukuu zake mwenyewe! Mjukuu anambishia babu karatasi ileile na heshima iko palepale.

1892 serikali ya Urusi ikakifunga, ilitaka masomo ya Kirusi yaingie na usiku wasisome, rabi Naftali Berlin aliyekiongoza karibu miaka 40 hakukubali, mwaka uliofuata akafariki Warsaw. Ila vyuo vingine vilishaiga mtindo wake.

Kesho mgongee mlango yule jirani yako wa hosteli, mwambie sura ya figo imekushinda. Na Desemba ukija beba hicho kitabu cha fiziolojia, tukae jikoni usome kwa sauti mimi nikubishie, miaka 19 wodini kuna vitu navijua. Kitanda cha sita wananiita, ngoja nikimbie.

Mama yako