Kabla ya kusimika WordPress na SuiteCRM: tunayowauliza wenye kampuni changa

Wateja wetu wengi wenye kampuni changa huja na orodha mkononi. Programu tano au sita zimepangwa kwenye jedwali, na mbele ya kila moja kuna alama za vema: hii ina kalenda, ile hutuma barua pepe kwa mkupuo, nyingine ina ripoti zenye michoro. Swali lao huwa moja: tuchukue ipi? Nasi huwarudishia swali ambalo halimo kwenye jedwali: nani ataitunza? Hatuulizi kwa kukwepa jibu. Programu huria zinazojulikana, karibu zote, hufanya kazi vizuri siku ya kwanza. Tofauti huanza kuonekana mwaka wa pili, wakati aliyezisimika ameshahamia kwingine na hakuna anayejua nenosiri la seva.

Kwa kifupi, mfumo wa kusimamia maudhui, kama WordPress, humwezesha mtu asiyejua kuandika msimbo kuchapisha na kurekebisha kurasa za tovuti. Mfumo wa usimamizi wa wateja, kama SuiteCRM, ni kumbukumbu ya kampuni: tulizungumza na nani, tulimwahidi nini, nani anapaswa kumpigia tena na lini. Ni kazi mbili tofauti, na hukutana hasa kwenye fomu anayojaza mgeni wa tovuti ili atafutwe. Tutarudi kwenye fomu hiyo, maana wateja wengi hupotelea hapo.

Leseni huria hukuruhusu kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuusambaza. Ada ya leseni hulipi, ila seva utailipia, na muda wa mtu utaulipia zaidi. Kwa mifumo ya maudhui, WordPress, Drupal na Joomla ziko chini ya GPL, leseni inayomtaka anayeisambaza programu aitoe kwa masharti yaleyale. Ghost, nayo ya maudhui, iko chini ya MIT, leseni fupi isiyo na masharti mengi. Kwa mifumo ya wateja, SuiteCRM, EspoCRM na CiviCRM ziko chini ya AGPL, na hili jina la mwisho huwatisha waanzilishi wengi bure. Sharti lake kubwa ni kwamba ukiubadilisha msimbo kisha ukawaruhusu watu kuutumia kupitia mtandao, nao wana haki ya kupewa msimbo huo uliobadilishwa. Kampuni inayotumia mfumo wa wateja kwa wafanyakazi wake yenyewe haina sababu ya kukosa usingizi. Anayepanga kuubadilisha na kuwauzia wengine kama huduma ndiye anayepaswa kukaa na mwanasheria.

Jambo lenye uzito zaidi kuliko jina la leseni ni nani anaishika programu na nini kitatokea akibadili mawazo. SugarCRM, mfumo wa wateja, ilianza mwaka 2004 ikiwa na toleo huria, kisha kampuni ikaamua kutotoa matoleo mapya ya aina hiyo. Waliokuwa wakiitegemea hawakuachwa solemba, kwa sababu msimbo uliokwisha kutolewa ulibaki huria: mwaka 2013 kampuni ya SalesAgility iliuchukua na kuanzisha SuiteCRM. Vtiger, mfumo mwingine wa wateja, nayo ilichipuka kutoka shina hilohilo miaka mingi kabla. Mabadiliko ya namna hii hayajaisha. Directus, mfumo wa maudhui unaopendwa na watengeneza programu, ulihamia mwaka 2023 kwenye leseni ambayo si huria, ingawa mashirika yenye fedha chini ya dola milioni 5 yaliruhusiwa kuendelea kuutumia bila malipo. Kwa kampuni changa huo unaweza kuwa mpango mzuri kabisa. Tunachosisitiza ni kwamba uisome leseni ya toleo unalosimika leo, si ile iliyosifiwa katika makala ya miaka mitano iliyopita.

Tena angalia kama kitu unachokihitaji kimo kwenye toleo huria au kwenye lile la kulipia. Odoo, programu ya kuendeshea biashara nzima, ni mfano wa wazi. Toleo lake huria, Community, lina sehemu ya wateja na mauzo, na lina ankara. Uhasibu kamili uko kwenye toleo la kulipia, Enterprise. Hakuna hila hapo, mambo yameandikwa waziwazi, lakini mtu aliyeona onyesho la Enterprise halafu akasimika Community hujiona amedanganywa.

Kuhusu tovuti, maoni yetu ni ya kawaida mno kiasi cha kuchosha: wengi wanaokuja kwetu huondoka na WordPress. Ilianza mwaka 2003, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote, na kwa hiyo fundi wake huwa hakosekani. Hilo ndilo jibu la swali letu la kwanza. Udhaifu wake uko zaidi kwenye programu-jalizi, yaani vipande vya nyongeza vinavyoandikwa na watu wengine, kuliko kwenye kiini chake. Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, kiini hujisasisha chenyewe kwa marekebisho madogo ya usalama, lakini programu-jalizi iliyotelekezwa na mwandishi wake haiwezi kujiokoa. Kabla ya kuongeza yoyote tazama tarehe ya sasisho la mwisho na maswali ya watumiaji yasiyojibiwa. Tumezoea kuona tovuti ya kurasa saba yenye programu-jalizi arobaini, na nusu yake hakuna anayekumbuka ziliwekwa kwa nini.

Ghost tunaipendekeza kwa kampuni ambayo bidhaa yake ni maandishi yenyewe, yaani jarida la barua pepe na wanachama wanaolipia. Drupal ni hodari pale maudhui yanapokuwa na aina nyingi zenye uhusiano tata na ngazi nyingi za ruhusa, ila inamtaka mtu anayeijua. Drupal 7 ilitoka mwaka 2011 na msaada wake ukakoma tarehe 5 Januari 2025. Waliokuwa bado wanaitumia waligundua kwamba kuhamia toleo jipya ni sawa na kujenga upya, kwa sababu kuanzia Drupal 8 msingi wake ulibadilika kabisa. Na kama tovuti yako ni kurasa chache zinazobadilika mara mbili kwa mwaka, huenda huhitaji mfumo wa maudhui hata kidogo. Kurasa tuli, yaani mafaili yaliyoandaliwa kabisa mapema, zilizotengenezwa kwa zana kama Hugo hazina hifadhidata ya kudukuliwa. Ushauri huo hutupunguzia kipato, lakini ndio ukweli.

Utunzaji wenyewe una sura gani? Tarehe 15 Oktoba 2014 Drupal ilitangaza kasoro iliyomruhusu mtu yeyote, bila hata kuingia kwa akaunti, kupenyeza amri zake kwenye hifadhidata ya Drupal 7. Marekebisho yalitolewa siku hiyohiyo. Wiki mbili baadaye timu ya usalama ikaonya kwamba kila tovuti ya Drupal 7 ambayo haikurekebishwa ndani ya saa 7 baada ya tangazo ichukuliwe kuwa imeshavamiwa. Saa saba! Mashambulizi ya kujiendesha yalianza kabla wengi hawajafungua barua pepe zao. Kasoro kubwa kiasi hicho ni nadra, na si za Drupal peke yake. Lakini tunaposema “mtu wa kutunza”, tunamaanisha mtu anayepokea matangazo ya usalama, mwenye ruhusa ya kufanya sasisho bila kusubiri kikao, na aliyewahi kurejesha nakala rudufu walau mara moja ili ajue kwamba inarejesheka. Nakala ambayo haijajaribiwa tunaihesabu kuwa haipo.

Kama mtu huyo hayupo na hamna mpango wa kumpata, msijisimikie. Waundaji wengi wa programu hizi huuza huduma ya kuziendesha kwenye seva zao kwa malipo ya mwezi: kuna Ghost(Pro), kuna EspoCRM ya wingu, na WordPress ina wauzaji wasiohesabika. Mnabaki na programu ileile, na siku mkipata fundi mnaweza kuhama na data yenu.

Mfumo wa wateja nao tunashauri usiharakishwe. Muuzaji mmoja mwenye wateja kadhaa anatosheka na lahajedwali, na mfumo mkubwa utamchosha tu. Dalili ya kwamba wakati umefika ni watu wawili wa kampuni moja kumpigia mteja yuleyule bila kila mmoja kujua cha mwenzake, au mteja kukumbusha ahadi ambayo hakuna ofisini anayeikumbuka. Hapo EspoCRM huwa chaguo letu la kwanza kwa timu ndogo, kwa kuwa ni nyepesi na sehemu za kujaza hubadilishwa bila kugusa msimbo. SuiteCRM ina mengi zaidi, na kazi ya kwanza baada ya kuisimika ni kuficha moduli ambazo hamtazitumia. CiviCRM ni ya mashirika yenye wanachama na wafadhili. Tusingempa muuzaji wa bidhaa. Odoo hufaa pale mauzo, ankara na bohari vinapotakiwa kuwa chini ya paa moja.

Mfumo wowote mtakaochukua, anzeni na sehemu chache za kujaza. Jina, mawasiliano, chanzo, hatua aliyofikia, tarehe ya kumtafuta tena. Kila sehemu ya lazima mnayoongeza humfanya muuzaji aandike “haijulikani” ili apite, na baada ya muda ripoti zenu zitajaa “haijulikani”.

Sasa ile fomu. Katika kampuni nyingi changa fomu ya tovuti hutuma barua pepe kwa mtu mmoja, naye akienda likizo wateja husubiri pamoja naye. SuiteCRM na EspoCRM zote mbili zina njia ya kupokea taarifa za fomu moja kwa moja na kufungua rekodi mpya. Iunganisheni siku ya kwanza. Hakikisheni pia fomu inahifadhi nakala upande wa tovuti, kwa sababu muunganisho ukikatika huwa haupigi kelele. Kuna kazi za ratiba zinazoendeshwa na cron, zana ya seva inayoanzisha kazi kwa saa zilizopangwa: zisipowekwa, vikumbusho na barua pepe za SuiteCRM hazitoki, na lawama zote huiangukia programu. Barua zenyewe zikitumwa kutoka kikoa (jina la tovuti yenu) ambacho rekodi zake za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli, hazijawekwa, kuna hatari kubwa ziishie kwenye kapu la taka.

Jambo moja hatukubali kulijadili: tovuti na mfumo wa wateja visikae kwenye akaunti moja ya seva wala kutumia hifadhidata moja. Tovuti iko wazi kwa dunia nzima, na ndiyo itakayoshambuliwa kwanza. Hakuna haja ya aliyepenya kwenye programu-jalizi ya picha kukuta na orodha ya wateja wenu humohumo. Mfumo wa wateja uwe na uthibitishaji wa hatua mbili, na akaunti ya anayeondoka kazini ifungwe siku anapoondoka.

Kisha jaribuni kutoka kabla hamjaingia. Wekeni rekodi ishirini za majaribio zenye maelezo, viambatisho na uhusiano kati ya mtu na kampuni yake, halafu zitoeni zote na mzitazame. Faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, hubeba safu na majina, lakini uhusiano hugeuka kuwa namba za utambulisho ambazo mfumo mwingine hauzielewi, na viambatisho hubaki nyuma. Nakala kamili ni ile ya hifadhidata pamoja na folda za mafaili. WordPress nayo ina mtego wake: faili la XML linalotolewa na zana yake ya kuhamisha lina makala, kurasa na maoni, lakini picha hazimo; mna anwani zake tu. Tovuti mpya huzichukua kutoka ile ya zamani wakati wa kuingiza. Ukiizima ya zamani mapema, utabaki na makala zenye nafasi tupu za picha.

Mkija kuzungumza nasi, hatuhitaji jedwali la alama za vema. Njooni na jina la atakayekuwa mtunzaji, au bajeti ya kumlipa mtu wa nje. Idadi ya watu watakaoingia kwenye mfumo wa wateja kila siku. Lahajedwali mnayotumia sasa, hata kama ni vurugu. Na jina la aliyesajili kikoa chenu. Hilo la mwisho litafuteni kabla ya kikao, kwa sababu mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko usimikaji wenyewe.