Risala ya Wanafunzi wa Ukufunzi wa Kupiga Mbizi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kutunuku Vyeti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama, walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika. Hili la kufika tunalitaja makusudi, kwa kuwa kiti ulichokalia kimewahi kukaliwa na mwakilishi wa mwakilishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chama chetu kilianzishwa na vijana wachache waliokuwa na jozi mbili za mapezi na hamu kubwa ya bahari. Historia yetu ni ndefu, ila kwa kuthamini muda wako tunaifupisha: tulianza, tukahangaika, tukafika hapa.

Katika kipindi hicho tumepata mafanikio makubwa. Tumesafisha sakafu ya bahari na kuopoa nyavu zilizotelekezwa, chupa zisizo na idadi, na kiti kimoja cha plastiki kilicho katika hali nzuri, ambacho Katibu wetu amekikalia sasa hivi. Tumeinasua nanga ya mashua ya mvuvi iliyokwama mwambani, tukio lililoimarisha sana uhusiano wetu na sekta ya uvuvi. Mchango wetu katika uchumi wa bahari hauhesabiki, na kwa kweli haujahesabiwa. Na leo unawatunuku vyeti wenzetu waliohitimu udivemasta, yaani uongozi wa mbizi, ngazi ya kwanza ya kuifanya kazi hii kitaalamu. Tunaomba makofi yao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa ruhusa yako tueleze kidogo ngazi hizi zilivyo, maana wapo wanaodhani kila ajuaye kuogelea ni mwalimu wa kupiga mbizi anayesubiri ajira. Mzamiaji wa mwanzo hushuka hadi mita 18. Akiendelea na masomo hufika mita 30, kisha husomea uokoaji: kumtuliza aliyeshikwa na hofu majini na kumpandisha aliyezimia. Ndipo aingie udivemasta, akiwa ametimiza miaka 18. Kwa utaratibu wa PADI, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1966 na ambalo mitaala yake ndiyo tunayoifuata, huanza akiwa na mbizi 40 daftarini, na hapewi cheti kabla ya kufikisha 60. Huogelea mita 400 bila kifaa cha kumsaidia, huelea dakika 15, humvuta mwenzake mita 100.

Baada ya hapo ndipo kuna kozi ya ukufunzi, na mwisho wake mtihani. Mtahini hatoki kwetu. Hutumwa na shirika, hamjui mtu na hapokei salamu za mjomba. Huuliza nadharia: fizikia ya mgandamizo, mwili unavyoipokea hewa, vifaa, mazingira, upangaji wa mbizi. Aliyepata chini ya asilimia 75 hajafaulu. Kisha humtazama mtahiniwa akifundisha darasani, kwenye maji tulivu, na baharini. Hapo ndipo jasho linapotoka hata chini ya maji. Mtahiniwa amepiga magoti, anavua miwani yake taratibu ili kila tendo lionekane, na wenzake mbele yake wanajifanya wanafunzi. Mmoja wao ameagizwa kwa siri akosee. Huenda akabana pumzi wakati wa kupanda. Hilo si kosa dogo, kwani hewa iliyovutwa kwenye mita 10 hutanuka mara mbili ifikapo juu, na mapafu yaliyofungwa huweza kupasuka. Mkufunzi asipoliona, alama zimekwenda na maji.

Hayo yote vijana wetu wanayaweza, na walimu wao waliopo hapa ni mashahidi. Kinachowakwamisha ni sharti moja tu: mtu hatunukiwi ukufunzi pasipo mbizi 100 zilizoandikwa daftarini. Na mbizi, Mheshimiwa, haipigwi kwa moyo wa kujitolea. Hupigwa kwa hewa.

Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200, baa ikiwa kipimo cha mgandamizo, hubeba takriban lita 2,400 za hewa. Ni nyingi ukizisikia. Lakini kwenye mita 20 mgandamizo ni mara tatu ya wa juu, na hewa nayo hukwisha mara tatu upesi. Mtungi mmoja ni mbizi moja. Sisi mitungi tunayo. Kompresa ya kuijaza hatuna. Kila tunapotaka kuzamia, mitungi hupakiwa kwenye gari la kuazima na kupelekwa kwa mfanyabiashara mwenye mashine, ambaye kwa haki kabisa huwajazia kwanza wateja wake wakubwa. Mitungi hurudi jioni bahari imekwisha kuchafuka, na mingine hurudi nusu. Msimu wa wageni ukiingia hairudi kabisa. Hivi ndivyo kijana mwenye uwezo wa kumaliza mbizi zake kwa miezi michache anavyozeeka nazo daftarini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si jipya. Mgeni rasmi wa kwanza alilisikia hapa hapa, akasimama, akasema, "Hilo lichukulieni limekwisha." Nasi tukalichukua hivyo. Tulijenga chumba, tukamwaga zege la kukalia mashine, tukatoboa tundu upande unakotoka upepo kwa ajili ya bomba la kuvutia hewa, mbali na moshi wa injini, kwa sababu kompresa ikivuta moshi humjazia mzamiaji kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu. Chumba kipo. Ukigeuka kushoto utauona mlango wake. Kwa sasa tunaanikia humo mavazi ya kuzamia.

Mgeni rasmi wa pili alitaka andiko. Tukaandika. Likarudi likidai muhuri, tukapiga muhuri. Likarudi tena, tukaambiwa liandikwe upya kwa kuwa limekaa muda mrefu. Lilikaa wapi hatukuuliza. Wa tatu alituletea fulana zenye picha yake, nasi tunazivaa hadi leo, hazichuji. Yupo pia mshauri mmoja aliyeshangaa kwa nini tusitumie mashine ya kujazia matairi. Tulimweleza kwa adabu zote kwamba tairi la gari dogo linahitaji baa mbili au tatu, mtungi unahitaji 200, na tairi halipumui.

Hivyo basi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kompresa moja ya mgandamizo mkubwa, ya hewa ya kupumua, pamoja na vichujio vya akiba. Vichujio tunavisisitiza. Vina saa zao za kufanya kazi, na zikitimia hutupwa. Haviambiwi vivumilie hadi bajeti ijayo. Tunaomba pia wenzetu wawili wafundishwe kuiendesha na kuitunza, isije ikawa pambo. Ukaguzi wa mitungi yetu wa kila mwaka, na kile kipimo cha mgandamizo wa maji kinachofanywa kwa kawaida kila baada ya miaka 5, tutaendelea kuvilipia wenyewe kwa ada za wanachama. Hatukuja kuomba kila kitu.

Yapo mahitaji mengine: oksijeni ya dharura, ada za mtihani, vipimo vya daktari ambavyo kwa mtahiniwa havitakiwi kuzidi miezi 12. Yote yamo kwenye kiambatisho na hatutayasoma. Uzoefu umetufundisha kwamba risala ikiwa na maombi kumi, hujibiwa lile la fulana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima na taadhima, endapo jambo hili liko nje ya uwezo wako, tunaomba utuambie leo. Hatutanuna. Tutawaruhusu vijana watafute kwingine pa kumalizia mbizi zao kabla hawajakata tamaa, na chumba tutakipangia kazi nyingine. Endapo linawezekana, ahadi ni deni, na deni huandikwa tarehe. Daftari la wageni lina safu ya maoni mbele ya jina lako, nafasi ni ya kutosha, na Katibu ana kalamu.

Mwenyekiti atakuongoza kwenda kukiona chumba. Tumeipanga ziara hiyo kabla ya chakula, kwa kuwa miaka iliyopita baada ya chakula magari yalikuwa tayari yanaunguruma.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Maandalizi, kwa niaba ya wanafunzi wote.