Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mawe Yaliyochongwa ya Uskoti

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mliofika ukumbini na mnaotusikiliza kwa simu kutoka Aberdeen. Hesabu za fedha mhazini atazisoma mwenyewe na hazina mgogoro; ada inabaki ile ile. Mimi nitazungumzia mawe yenye michongo ya kale ya vishimo na miduara, ambayo chama chetu huyatafuta na kuyarekodi, maana huko ndiko kulikokuwa na kelele.

Mwaka huu kamati iliamua kutorudi bonde la Kilmartin, kule Argyll. Tulielekeza nguvu kwenye miteremko ya Ben Lawers, kaskazini mwa Loch Tay. Manung'uniko nimeyasikia, na nayaelewa. Mwamba wa Achnabreck, huko Kilmartin, umejaa miduara iliyozungukana, mmoja ndani ya mwingine, na mtu akiuona mara moja hutamani kuurudia. Ben Lawers inakupa jiwe lililolala kwenye majani, lina vishimo viwili vitatu vya ukubwa wa kikombe cha kahawa chungu, basi. Kondoo wanalikanyaga, na watembea kwa miguu wanakaa juu yake kula mkate. Ila Achnabreck ina wapiga picha wa kutosha. Hilo jiwe la kondoo halina mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha kuliko tulivyotarajia. Waliotutangulia walikuwa hodari, na wengi walikuwa watu wa kujitolea kama sisi. Sir James Young Simpson, daktari wa Edinburgh aliyeanza kutumia dawa ya usingizi ya klorofomu kwa akina mama wanaojifungua mwaka 1847, ndiye huyo huyo aliyechapisha utafiti mkubwa wa michongo hii mwaka 1867. Lakini kumbukumbu nyingi za zamani zinataja mahali kwa namba sita za ramani, na namba sita zinakufikisha kwenye mraba wa mita 100 kwa 100 tu. Ndani ya mraba huo, mlimani, mawe ni mengi kupita kiasi, na kuanzia Julai magugu yanafika kifuani. Kazi yetu kubwa basi imekuwa kutafuta yaliyokwisha kupatikana, kisha kuyaandikia kipimo cha GPS ambacho mwingine anaweza kukifuata bila kutuuliza.

Hapa naomba kuwapongeza wenzetu wa Dundee. Wamejaza fomu za kurekodi mawe nyingi kuliko kundi lolote, na sehemu nzuri ya fomu hizo zimeandikwa "halikuonekana". Kuna waliocheka. Fomu ya namna hiyo, ikieleza ni wapi palipekuliwa na palifunikwa na nini, inamwokoa anayekuja nyuma, na kama kuna mpango wa kupanda misunobari pale, inamwambia mwenye shamba kwamba huenda kuna jiwe chini ya majani. Mwenye picha nzuri bila fomu hajarekodi kitu.

Kuhusu picha, mafunzo ya majira ya kuchipua yalisaidia. Wengi sasa mnajua kwamba siku ya mawingu mazito ndiyo siku yetu: jua kali linatia vivuli, na kompyuta inavichukua kama sehemu ya jiwe. Unalizunguka jiwe hatua kwa hatua, kila picha ikilalia sehemu kubwa ya iliyotangulia, rula ikiwa pembeni, halafu programu inazishona kuwa umbo la 3D. Kwa macho matupu ni kinyume chake, mwanga wa ubavuni ndio unaofichua. Jioni moja juu ya Loch Tay, mvua ilipokatika na jua likawa chini, jiwe tulilokwisha kuliandika kuwa na vishimo vinne lilionyesha maji yamesimama pia kwenye mfereji mwembamba uliozunguka kimoja kati ya hivyo. Mkono ulikuwa umepita hapo asubuhi bila kuuhisi.

Chaki ni marufuku, na hili nalisema kwa ukali. Kuna kundi moja, silitaji, lililotutangulia kwenye jiwe fulani na kuchora mistari pale lilipodhani pana miduara. Mtazame jiwe la Cochno, karibu na Glasgow: mtafiti wa mambo ya kale Ludovic Mann alilipaka rangi mwaka 1937, likafukiwa miaka ya 1960 kulinusuru na waharibifu, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow walipolifukua mwaka 2015 na 2016 walizikuta rangi zake bado zipo. Sasa limefukiwa tena. Kinachosomwa leo ni vipimo vilivyochukuliwa wakati ule.

Wanaotetea Kilmartin hunitolea hoja ya kulungu. Ni kweli, kulungu wenye pembe za matawi waliotangazwa mwaka 2021, waliochongwa miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita, wako huko huko, kwenye kaburi la Dunchraigaig. Lakini Hamish Fenton aliwaona kwa sababu alimulika tochi upande wa chini wa jiwe la kufunikia, ambako watu hawakuwa na desturi ya kuangalia. Hoja hiyo basi inanitetea mimi: tuangalie pale pasipoangaliwa.

Mwanachama kutoka Teso aliuliza kama miduara hii ina undugu na ile ya Nyero, Uganda. Ile imepakwa rangi nyekundu, hii imegongwa kwa jiwe juu ya jiwe. Kufanana kwa miduara hakutoshi kudai undugu, na tusiliandike kwenye fomu.

Sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 inaturuhusu kutembea, haituruhusu kuchimba wala kubandua majani. Kwa mawe yaliyo kwenye orodha ya ulinzi, kazi ya namna hiyo inahitaji kibali cha Historic Environment Scotland, taasisi ya umma inayolinda turathi. Wakati wa kondoo kuzaa mkulima aombwe kwanza, na mbwa abaki nyumbani. Suruali ndefu ziingizwe ndani ya soksi. Kupe wa huku wanaambukiza ugonjwa wa Lyme.

Mwakani tunamalizia Loch Tay kabla ya magugu kuota. Kilmartin itafuata, kwa wanaotaka, nao watabeba tochi. Katibu wetu anang'atuka baada ya kutumika vizuri. Majina ya wanaogombea nafasi yake yamfikie mhazini kabla ya chai.