Laptopu inayofunguka haijaisha

Bwana Mhariri,

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi, tarehe 14 Oktoba 2025, wanafunzi na wafanyakazi wa ofisi hapa Lubumbashi wanaambiwa kwamba laptopu zao za zamani zimekwisha kazi, wanunue mpya. Sisi mafundi tunaomba nafasi katika gazeti lenu tuseme kinyume. Nyingi ya mashine hizo zina sifa ambayo laptopu nyembamba za leo zimeipoteza: zinafunguka, na kilichokufa ndani kinatolewa, kinawekwa kingine.

Tuchukue ThinkPad T420 ya Lenovo, iliyotoka mwaka 2011. Betri yake inatoka kwa kusukuma komeo, bila skrubu yoyote. Diski imezuiwa na skrubu moja. Ramu, yaani kumbukumbu ya muda, ina nafasi mbili, na vipande vyake vinatoka. Hata prosesa, ubongo wa mashine, haikulehemewa. Imekaa kwenye soketi, na mwenye prosesa ya Intel i5 anaweza kuweka i7, yenye nguvu zaidi, ya kizazi kilekile cha pili. Linganisha na laptopu ambayo ramu yake imelehemewa kwenye ubao mama na betri imefungiwa ndani. Ramu hiyo ikifa, umenunua ubao mzima.

Kinachoifanya mashine ya namna hii iende polepole kwa kawaida ni diski ya kuzunguka, si prosesa. Weka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya aina ya SATA ya inchi 2.5; gigabaiti 240 zinamtosha mwanafunzi. Nafasi ya T420 ina kimo cha milimita 9.5, na SSD nyingi zina 7, kwa hiyo rudishia raba za pembeni zilizokuwa kwenye diski ya zamani. Bila raba hizo SSD inachezacheza, mguso unakatika, na mashine inasema haioni diski. Anayetaka kubaki na diski ya zamani kwa ajili ya mafaili anaweza kutoa kisoma DVD na kuingiza fremu ya diski mahali pake. Lakini SSD ibaki kwenye nafasi kuu, maana hapo mwendo ni gigabiti 6 kwa sekunde.

Kwa ramu, T420 inatumia aina ya DDR3 ya volti 1.5. Karatasi za Lenovo zinataja mwisho gigabaiti 8, lakini inapokea vipande viwili vya 8, jumla 16. DDR3L, aina ya volti ndogo zaidi, nayo inafanya kazi humo, kwa sababu inavumilia volti zote mbili. Hasara huja upande wa pili: ThinkPad T440p ya mwaka 2013 inataka DDR3L peke yake. Ukiipa ile ya volti 1.5 haiwaki, na mteja anaambiwa ubao mama umeungua wakati hakuna kilichoungua. Kabla ya kugusa chochote ndani, toa chaja, toa betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10.

Vumbi ndilo adui mkubwa hapa kwetu. Kuanzia Mei hadi Septemba lile vumbi jekundu linavutwa na feni na kujishindilia kati ya feni na mapezi ya kupozea, hata linakuwa zulia. Hewa haipiti, prosesa inapunguza mwendo ili isiungue, na mwisho mashine inajizima katikati ya kazi. Kupuliza kutoka nje hakutoshi. Zulia linabaki palepale. Inabidi kufungua, kushika feni kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza, kufuta pasta ya joto iliyokauka kwa alkoholi isiyo na maji mengi, kuweka mpya kiasi cha punje ya mchele, na kukaza skrubu kidogokidogo kwa mkingamo. Ukikaza upande mmoja kwanza, joto litarudi.

Delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, inatufanya tupende zaidi betri inayotoka. Ya T420 yenye seli 6 ina wati-saa 57, ya seli 9 ina 94. Kuandika tu kukivuta wati 12, hiyo ya pili ikiwa mpya inapita saa 7. Mwenye T430 ya mwaka 2012 awe mwangalifu: mashine hiyo hukagua betri na kukataa kuchaji isiyo halisi, jambo ambalo T420 haifanyi. SNEL, shirika la umeme, wakirudisha umeme, acha chaja nje ya prizi kwa dakika kadhaa, maana volti hupanda na kushuka mwanzoni. Na kama betri haichaji, tazama kwanza kipini cha katikati ya ncha ya chaja. Hicho ndicho kinachoiambia mashine nguvu ya chaja. Kikipinda, watu wananunua betri bure. Betri iliyokufa isichomwe wala isitupwe mtaroni. Ndani yake mara nyingi mna kobalti, na sisi watu wa Katanga tunajua thamani yake.

Windows 11 haiikubali rasmi T420, kwa sababu inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Linux Mint, mfumo mwingine wa bure, inaikubali vizuri: gigabaiti 4 za ramu, 20 za diski, flashi moja ya kusakinishia, na kitufe cha F12 wakati wa kuwasha ili mashine ianzie kwenye flashi. Nakili mafaili yako mahali pengine kwanza, maana usakinishaji unaweza kufuta diski yote.

Hatusemi mashine hii haina dosari. Ni nzito, USB zake zote ni 2.0, skrini haionekani vizuri ukikaa pembeni, na video za intaneti za kisasa zinaichosha prosesa. Anayelazimika kutumia Windows 11 atafute T480 ya mwaka 2018, yenye nafasi mbili za ramu na betri ya nje. Asichanganye na T480s: hiyo sehemu ya ramu imelehemewa.

Ombi letu ni kwa wauzaji wa mitumba, katikati ya mji hadi komuni za Kenya na Katuba. Mruhusuni mnunuzi afungue kifuniko cha chini kabla ya kulipa, ahesabu nafasi za ramu, na awashe mashine kwa betri peke yake, chaja ikiwa mkononi mwake.

Mafundi wa kompyuta,
Lubumbashi