Mjomba, ile picha uliyoifunika

Shikamoo Mjomba.

Najua mambo ya mtandaoni husomi, lakini binti yako anasoma. Nimemwomba akusomee barua hii jioni, taratibu, redio ikiwa imezimwa. Ningependa kukuambia haya ana kwa ana. Nilijaribu siku ileile ya Idi, ulimi ukawa mzito. Nimeiandika mbele za watu kwa sababu swali lako, la kwa nini napiga picha za simba ilhali simba ametuulia mtu, nimeulizwa na wengi, wa Mbagala na wa Kibiti, na wote nimewajibu juujuu.

Siku ile simu yangu ilikuwa inapita mkono kwa mkono mkekani, watoto wanagombea kuona. Ilipokufikia wewe ilikuwa imetua kwenye picha ya simba jike anamlamba mwanawe. Mtoto amefumba macho, sikio moja limelowa mate, limelala. Uliitazama kuliko wote. Kisha ukaiweka simu kifudifudi pembeni ya sinia la pilau, ukasema kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye aliyemla mdogo wangu." Ukatoka, ukaenda kukaa chini ya mwembe mpaka ikaadhiniwa magharibi.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka 2003. Habari ilipofika Mbagala Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakulia. Aliendelea kukuna, na nazi ikaisha, na yeye anakuna tu, mpaka sahani ikaanza kuingia vumbi la kahawia la kifuu. Shangazi ndiye aliyekuja kumshika mkono. Mpunga ulikuwa umekomaa, Mjomba Mdogo alikuwa amelala dunguni, kile kichanja cha shambani, kulinda mpunga usiliwe na nguruwe, kama mnavyolala wote msimu huo. Mlizika mlichokipata.

Kwa hiyo ninapokuambia napiga picha za simba, sikuambii kama mtu asiyejua.

Mwanzoni nilikwenda kwa hasira. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa nimeshaanza kupata riziki kwa picha za harusi, nimenunua lenzi ndefu ya mtumba Kariakoo, na wenzangu wanne wakasema tuchangishane gari twende Hifadhi ya Mikumi. Wao walitaka tembo na twiga. Mimi nilitaka kumwona uso. Nilitaka nimtazame machoni huyo mnyama, nijue ana nini. Tukampata asubuhi kwenye mbuga ya Mkata, majani yameshakauka na kuwa mafupi, na hakuwa mmoja. Walikuwa saba, wamelala wamerundikana, mguu wa huyu juu ya tumbo la yule. Tulikaa saa tatu, hakuna aliyefanya lolote. Simba anaweza kulala au kujinyoosha saa 20 kwa siku. Nilirudi Dar na hasira yangu bila pa kuiweka.

Nikarudi tena. Nimerudi mara nyingi sasa. Zamani nilikuwa napanda basi Mbezi alfajiri. Siku hizi nachukua treni ya SGR mpaka Morogoro, kisha napanda basi linalokatiza katikati ya hifadhi kwa barabara kuu ya Zambia. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1964, na barabara inaipasua kwa takriban kilomita 50, malori usiku na mchana. Simba wa kule wamezaliwa wakisikia breki za malori.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kuwatambua. Ukimtazama simba kwa karibu, juu ya mstari wa kwanza wa sharubu zake kuna vidoadoa vyeusi vichache. Mpangilio wa vidoa hivyo haubadiliki toka utotoni hadi uzeeni, na kila simba ana wake. Kwa hiyo siwapigi tena picha ya kinywa wazi na meno, ile ambayo kila mtu anaitaka. Napiga shavu la kushoto, kisha nangoja ageuke nipige la kulia. Nyumbani nina daftari. Nimechora nyuso 23, vidoa vyote, na mapengo ya masikio. Jike mmoja sikio lake limechanika katikati, nimemwita Mama Pengo. Yule uliyemfunika juu ya mkeka ni yeye.

Mjomba, nikueleze wanavyoishi, na usinikasirikie kwa mfano nitakaoutoa, silinganishi watu na wanyama. Unawajua Waluguru, jirani zetu wa mlimani, ardhi kwao inafuata ukoo wa mama. Kwa simba ni hivyohivyo. Majike wa kundi ni mama, binti, dada, bibi na wajukuu. Jike huzaliwa hapo na mara nyingi hufia hapo, na eneo ni lao. Madume ni wapita njia. Dume akifika miaka miwili mitatu hufukuzwa kwao, huondoka na ndugu zake wa rika moja, hutangatanga mpaka wapate nguvu ya kumng'oa dume wa kundi jingine. Wakishaingia hukaa kama miaka miwili au mitatu, nao wanang'olewa.

Maana yake ni kwamba simba hawana mjomba. Kaka wa mama anakuwa ameshaondoka kabla watoto hawajazaliwa, na akikutana nao ukubwani hawajuani. Nilipolielewa hilo nilikuwa peke yangu na dereva garini, na nilikuwaza wewe, na nilimwaza yeye.

Jike akitaka kuzaa hujitenga. Mimba ni miezi mitatu na nusu hivi, watoto huwa wawili hadi wanne, na huwaficha kichakani wiki sita hadi nane, anawahamisha mmoja mmoja kwa kuwabeba mdomoni. Halafu anawaleta kwa dada zake. Kama wamezaa karibukaribu, watoto wote wanachanganywa na wanalelewa pamoja. Nimeona mtoto wa jike mwingine akinyonya kwa Mama Pengo. Alimkaripia, akamsukuma kwa paja, mtoto akarudi pembeni akatulia, akangoja. Mama Pengo aliposinzia, yule mtoto akatambaa akarudi kunyonya. Nilikaa kimya garini nikitetemeka kwa kuogopa kwamba sauti ya kamera itamwamsha.

Na nimeona upande wa pili. Mwaka uliofuata madume wawili wageni waliingia. Dume mgeni huua watoto wachanga aliowakuta, kwa sababu mama akibaki bila mtoto huingia joto tena baada ya siku chache, badala ya kukaa karibu miaka miwili analea. Sina namna ya kulieleza hilo likawa zuri. Kule Serengeti, ambako simba wamefuatiliwa na watafiti tangu mwaka 1966, zaidi ya nusu ya watoto hawafiki umri wa miaka miwili, na hao madume ni sababu mojawapo kubwa.

Asubuhi hiyo Mama Pengo alikuwa anatembea peke yake kwenye njia ya gari. Anaita. Hakuwa ananguruma. Simba akinguruma kweli husikika hata umbali wa kilomita 8. Huu ulikuwa mguno mfupi wa chini, kama mtu anayeita mlangoni usiku asitake kuamsha majirani. Anaita, anasimama, masikio mbele, anasikiliza. Anatembea hatua kumi, anaita. Matiti yamejaa, yameng'aa. Tulimwacha apite kando ya gari, kioo kimefunguliwa nusu, na hakututazama kabisa. Kesho yake tulimkuta kilomita kadhaa kutoka pale, bado anaita. Nilimkumbuka Mama na nazi yake.

Picha hizo ninazo, na sijamwonyesha mtu.

Utasema, sawa, analia na mwanawe, na mdogo wangu je? Ndiyo, Mjomba. Hilo ndilo nililoshindwa kulijibu siku ya Idi.

Watafiti waliokusanya taarifa nchi nzima walitoa hesabu yao mwaka 2005. Tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 560 na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wao kusini na pwani yetu. Mjomba Mdogo yumo humo, bila jina. Na huko Rufiji peke yake, kati ya mwaka 2002 na 2004, waliuawa zaidi ya 30, mpaka watu wakampa yule simba jina la Osama, gaidi aliyekuwa anatafutwa dunia nzima wakati ule. Alipouawa Aprili 2004 walikuta ni dume kijana, hata manyoya ya shingoni hajaota, na chini ya jino lake kuna jipu kubwa.

Dume kijana. Wa umri uleule wa kufukuzwa kwao. Naujua umri huo sasa, ninao wawili kwenye daftari langu.

Watafiti waliuliza pia kwa nini, na majibu yao wewe uliyajua kabla yao. Pundamilia na nyumbu wakiisha, kinachobaki ni nguruwe pori. Nguruwe anafuata mpunga, mkulima analala dunguni kumlinda nguruwe, na simba anamfuata nguruwe. Wakaangalia na mwezi. Usiku wenye mbalamwezi simba hapati kitu kirahisi, anashinda njaa. Mashambulizi yanazidi siku zinazofuata mwezi mpevu, saa zile za mwanzo wa usiku, jua limezama na mwezi bado haujachomoza. Kwa hesabu yetu ni kama tarehe 16 hadi 20 za mwezi mwandamo. Niliposoma hilo nilikaa nikajiuliza Mjomba Mdogo alipatwa tarehe ngapi, na sikuwa na wa kumuuliza ila wewe, na nikaogopa.

Hiyo ndiyo sababu ninaendelea. Upande wa Amboseli, Kenya, tangu mwaka 2007 kuna morani wa Kimaasai ambao kazi yao ni kuwafuata simba kwa nyayo. Wanawajua mmoja mmoja, wamewapa majina ya Kimaasai, na simba akikaribia malisho wanawahi kuwaonya wafugaji. Vijana wale walikuwa wanasifiwa kwa kuua simba. Sasa wanasifiwa kwa kujua yuko wapi. Naamini kabisa, Mjomba, kwamba simba aliyeua Rufiji alikuwa na wa kwao, na alitoka mahali, na kama kungekuwa na mtu mmoja anayewajua kwa nyuso, angeweza kusema kuna kijana amekonda, hali vizuri, anazungukia mashamba, msilale dunguni wiki hii. Siwezi kuapa kwamba Mjomba Mdogo angepona. Ila hakuna aliyekuwa anatazama. Walikuwa wanatazamwa na wageni wenye magari mazuri, mbali na mpunga wenu, na waliolala na mpunga walimwona simba mara moja tu.

Ndiyo maana kwenye picha zangu siandiki mahali nilipompata nani. Gari likifika tunazima injini, hakuna kupiga mluzi wala kugonga mlango ili ainue kichwa. Lenzi naiegemeza dirishani juu ya kimfuko cha mchele, huo mchele ni wa Rufiji. Simba akionyesha tunambana, mkia unapiga chini, masikio yamelala, tunaondoka. Kuna madereva wanaonicheka kwa kupoteza asubuhi nzima kwa familia moja. Siwasikilizi.

Jumapili baada ya adhuhuri nitakuja. Simu nitaiacha nyumbani, na hiyo picha nimeshaitoa mbele, hutaiona tena usipotaka. Nitakuja na daftari tupu. Nina vidoa vya mashavu ya simba 23 kichwani, na kuhusu mjomba wangu mwenyewe nakumbuka kofia yake ya vito na harufu ya samaki wa moshi kwenye mfuko aliotuletea. Nataka uniambie alikuwa anaimba nini akilinda ndege. Alikuwa anaandika kwa mkono gani. Na lile kovu la kwenye nyusi ambalo Mama hulitaja kisha akanyamaza, alilipata wapi.