Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Shanga Zilizokuwa Zimelala Masandukuni

Wanachama wenzangu, akina mama na mabinti zetu, assalamu alaykum. Hesabu zote anazo mweka hazina, atazisoma mwenyewe nikimaliza. Mimi nitasema habari ya kazi.

Mwaka jana tulikubaliana hapa hapa Tanga kwamba, badala ya kununua shanga mpya kila mara, tuanze na zile zilizolala majumbani: vidani vilivyokatika uzi, hereni zilizopotelewa na mwenzake, bangili za harusi zisizovaliwa tena, tunda za bibi, yaani shanga za kiunoni, zilizofungwa kitambaani chini ya sanduku. Mlileta kuliko nilivyotarajia. Miezi miwili ya mwanzo hatukutunga kitu, tulichambua tu, kwenye sinia tulizotandika khanga kuukuu ili shanga zisikimbie. Mabinti waliojiunga mwaka huu sasa wanazijua bila kuambiwa. Ya kioo ukiigusisha shavuni ina ubaridi, na zikigongana zinalia. Ya plastiki haina baridi, na mlio wake ni mfu.

Kuna kosa tulilofanya na lazima nilitaje. Kidani cha mwenzetu mmoja kililala usiku kucha kwenye maji ya sabuni. Asubuhi maji yamekuwa mekundu, shanga zimepauka, kumbe rangi ilipakwa juu tu, haimo ndani ya kioo. Aliyesema kilowekwe ni mimi. Nilikwenda kumwomba radhi nyumbani kwake, na leo namwomba tena mbele yenu. Tangu siku ile, kabla ya maji inatangulia pamba yenye unyevu, tunaipitisha kwenye shanga mbili tatu za nyuma. Pamba ikishika rangi, kidani hakioni maji, kinafutwa kikavu. Ikitoka safi, tunatumia maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, kisha kinaanikwa kivulini juu ya taulo. Chenye ngozi au waya hakilowekwi hata kama rangi yake ni imara, maana ngozi hukakamaa na waya huota kutu.

Sasa nije kwenye utunda uliotoka Ngamiani, mtaa wetu hapa Tanga, ambao ndio uliotufundisha zaidi mwaka huu. Mwenzetu alileta utunda wa marehemu bibi yake, nyuzi tano, akataka tuutungue tufanye hereni za kuuza. Uzi wa pamba ulikuwa umeoza kwa jasho na mafuta ya nazi ya miaka mingi, ukiugusa unakatika. Nikachukua shanga moja nyekundu, nikaielekeza dirishani, nikaona tobo lake limezungukwa na weupe: nje nyekundu, ndani nyeupe. Moyo ulinidunda. Shanga za namna hiyo zilitengenezwa kwa wingi na mafundi wa Venice katika karne ya 19, zikaja na vyombo hadi pwani yetu, kisha zikapanda bara na misafara. Mwingereza Richard Burton, aliyepita Pangani na Usambara mwaka 1857, aliandika kwamba wafanyabiashara wa njia za bara waliziita samesame, na kwamba zilikuwa miongoni mwa zilizopendwa mno.

Tulimweleza mwenye mali, tukamwuliza kama bado anataka hereni. Alinyamaza kitambo, akaanza kuzigusa nyuzi moja moja. Mbili, akasema, alivalishwa yeye siku alipotolewa mwali. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo, na tumekaa naye jamvi moja miaka yote hii.

Mnakumbuka mabishano yaliyofuata. Wapo waliosema utunda ni siri ya mwanamke na hauanikwi sokoni. Wapo waliosema shanga za sandukuni hazimlishi mtu. Naheshimu pande zote mbili, lakini kwangu mimi utunda wa mtu si malighafi mpaka mwenyewe amesema. Ndiyo maana kamati imeamua kwamba hakuna kinachotunguliwa kabla katibu hajaandika daftarini ni cha nani, kilivaliwa na nani, na kabla hakijapigwa picha. Kile kinachoweza kurudi kama kilivyokuwa, kirudi.

Wa Ngamiani tuliutunga upya kwa uzi wa poliesta, nyuzi tatu kamili kwa mpangilio ule ule. Mbili zilizobaki zilikuwa zimepungukiwa shanga. Hatukujazia kwa shanga mpya, kwa sababu wekundu wa siku hizi haulingani na ule, na hata ukubwa haulingani. Tukazifanya bangili mbili nyembamba kwa binti zake. Zimevaliwa Idi.

Tulijaribu pia uzi wa mkonge, kwa kuwa Tanga bila mkonge si Tanga. Haukufaa: ni mnene, una vinyweleo, haupiti tobo la shanga ndogo. Tumeuhamishia kwenye kamba za mikoba, na huko umependeza.

Duka moja lilichukua bangili na hereni zetu kwa mali kauli na mpaka leo halijalipa. Limetuumiza, hasa waliokesha kwa kazi ile. Kuanzia sasa hakitoki kitu bila maandishi na nusu ya bei mkononi.

Kwa mwaka ujao naomba fungu la miwani ya kusomea kwa ajili ya mama zetu watatu, ambao mikono yao bado ni mepesi ila macho hayaoni tena tobo la sindano. Wao ndio wanaojua mipangilio ya zamani, na mabinti wanapaswa kukaa karibu nao wangali wanatunga.

Sanduku la mapokezi lipo kwa katibu. Hata hereni ya upande mmoja, leteni. Atakayeleta cha marehemu aje mwenyewe asubuhi, asimtume mtoto, ili tupate nafasi ya kumsikiliza na kuandika.